Pono wa mwambani na uyoga wa gogoni: wavunjaji wawili wenye amana



Mzazi anayekaa na wanawe kuwafundisha juu ya uumbaji wa Allah (s.w.t.) hapati taabu kueleza faida ya nyuki, ya mbuzi au ya mnazi. Taabu huja pale mtoto anapouliza juu ya viumbe ambao kazi yao, kwa macho yetu, ni kuvunja na kuozesha. Kwa nini yuko samaki anayetafuna mwamba ambao wenzake wameufanya nyumba? Kwa nini iko kuvu inayoula mti hadi ukawa unga? Swali kama hilo halistahili kujibiwa kwa kumwambia mtoto anyamaze. Ndani yake mna mafunzo ya tauhidi, na mna pia mambo yanayogusa chungu, paa na mfuko wa kila familia.

Leo tumewachagua viumbe wawili, mmoja wa bahari na mmoja wa bara, tuwatazame kwa pamoja. Wa kwanza ni pono. Aina zake ni nyingi, nasi tunamkusudia yule ambaye wanasayansi humwita Chlorurus sordidus, apatikanaye katika Bahari ya Shamu, pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi. Wa pili ni uyoga uitwao mamama, ambao jina lake la kitaalamu ni Pleurotus ostreatus. Asili yake ni misitu ya nchi zenye baridi na za hali ya wastani, lakini sasa hupandwa takriban duniani kote, na vikundi vingi vya kina mama wa kwetu wameufanya chanzo cha kipato. Ndugu zake wa jamii moja huota pia katika magogo ya misitu ya Afrika.

Kwanza tuondoe dhana iliyozoeleka. Watu wengi huuhesabu uyoga kuwa ni mmea. Uyoga si mmea wala si mnyama. Kuvu ni ufalme wake peke yake katika viumbe hai. Hauna majani ya kijani ya kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kuta za chembe zake zimejengwa kwa khitini, kitu kile kile kilichomo katika magamba ya kamba na kaa. Kwa hiyo mlaji huyu wa magogo ya bara, katika jambo hili moja, ameshabihiana na viumbe wa baharini kuliko na mti anaoula.

Mwenye meno na asiye na kinywa

Pono ameumbwa na kinywa cha ajabu. Meno yake yameshikana yakawa kama mdomo wa kasuku, na nyuma ya yale yanayoonekana kuna safu nyingine zinazosubiri zamu. Watafiti waliochunguza aina moja kubwa ya pono, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017, walieleza kuwa kinywani mwake mna meno kiasi cha 1,000 yaliyopangwa katika safu 15 hivi. Ya mbele yanapolika, ya nyuma huchukua nafasi yake. Madini ya meno hayo ni miongoni mwa magumu zaidi yaliyopata kupimwa katika mwili wa kiumbe hai. Kisha, ndani ya koo, amepewa magego mengine yanayosaga kama jiwe la kusagia nafaka. Tumbo la chakula kama letu hana. Kinachotoka kooni hupita moja kwa moja kwenye utumbo mrefu, na mwisho hutoka mchanga mweupe. Mvuvi anayepiga mbizi mahali penye pono wengi husikia mlio wa kukwaruza, naye hajui daima kwamba anasikiliza kinu kikiwa kazini.

Uyoga hauna kinywa wala jino. Kile tunachokichuma na kukiita uyoga ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba mno, nyeupe, zilizotandaa ndani ya gogo mahali tusipopaona. Nyuzi hizo hutoa vimeng'enya nje ya mwili wake, vikaulainisha ubao pale pale ulipo, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Tunaweza kusema pono hula kisha akasaga, na uyoga husaga kwanza ndipo ukala. Mmoja hupeleka jiwe ndani ya mwili wake, mwingine huupeleka usagaji wake ndani ya gogo.

Hata mapumziko yao hayafanani. Waswahili wamemfanya pono kuwa mfano wa usingizi mzito. Mtu asiyeamka kwa kugutushwa huambiwa amelala kama pono. Wahenga wetu hawakubuni. Jua likizama pono hujibanza katika upenyo wa mwamba, na aina kadhaa, huyu akiwamo, hutoa ute kinywani na kujifunika nao mwili mzima mithili ya chandarua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa katika miamba ya Australia kwa pono ambao wakati huo walihesabiwa kuwa wa aina hii hii, ulionyesha kuwa chandarua hicho huwakinga na wadudu wadogo wa baharini wanaonyonya damu usiku. Samaki amepewa chandarua chake bila ya kukinunua. Ama nyuzi za uyoga hazina usiku wala mchana. Maadamu pana unyevu na chakula, kazi inaendelea.

Wanachovunja na wanachokitafuta

Hapa ndipo viumbe hawa wawili wanapokutana kwa namna inayostaajabisha zaidi. Mtu akimwona pono akimega mwamba hudhani kuwa chakula chake ni jiwe. Jiwe la matumbawe ni chokaa tupu, wala halina lishe ya kumfaa samaki. Anachokitafuta ni mwani mdogo na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoishi juu ya mwamba mfu na ndani ya vitundu vyake. Ili apate tonge hilo dogo, hana budi kulivunja jiwe. Watafiti waliopima kazi ya pono hao wa Australia walikadiria kuwa samaki mmoja humega zaidi ya kilo 20 za mwamba kwa mwaka, na huyo ni samaki ambaye urefu wake haupiti sana sentimita 40. Aina kubwa zaidi, yule mwenye nundu kichwani, humega zaidi ya tani 5.

Uyoga nao uko katika hali hiyo hiyo. Ubao una vitu viwili vikuu: selulosi, ambayo ni sukari iliyofungamana ikawa nyuzi, na lignini, ambayo ni kama saruji inayozishika nyuzi hizo ili mti usimame. Lignini ni ngumu kuvunjwa, na ni viumbe wachache mno wanaoweza kuivunja kwa ukamilifu. Uyoga wa mamama ni mmoja wao. Lakini hauivunji kwa kuipenda yenyewe. Huivunja ili uifikie selulosi iliyofichwa. Ndiyo maana gogo lililoliwa na kuvu za kundi hili hubaki jeupe, laini, lenye kuchanika kama nyuzi za sufi.

Tena ubao una upungufu mkubwa wa naitrojini, kirutubisho ambacho kila kiumbe hukihitaji ili kujijenga. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kanada walieleza namna uyoga huu unavyolikabili tatizo hilo: nyuzi zake hutoa sumu inayowalemaza minyoo midogo mno inayopita gogoni, kisha nyuzi nyingine huingia katika miili yao na kufyonza. Basi huyu tunayemdhania kuwa ni mla mbao, ni mwindaji pia.

Ziko wapi basi lawama tulizowatwisha? Hakuna kati yao anayevunja kwa ajili ya kuvunja. Kila mmoja anatafuta riziki yake mahali ambapo wengine hawaioni, na kuvunja ni gharama anayoilipa.

Wanachokiacha nyuma

Kiumbe hupimwa pia kwa kile anachokiacha. Pono huacha vitu viwili. Cha kwanza ni mwamba uliosafishwa. Majani ya baharini yakiachwa bila mlaji huyafunika matumbawe, na mtoto wa tumbawe hapati pahali pa kushika. Pono anapokwangua huacha uwanja mtupu ambapo tumbawe jipya laweza kuanza maisha. Cha pili ni mchanga. Watafiti waliofanya kazi katika kisiwa kidogo cha Vakkaru nchini Maldives, na kuchapisha matokeo mwaka 2015, walikuta kuwa zaidi ya asilimia 85 ya mchanga mpya unaozalishwa katika mwamba unaokizunguka kisiwa hicho umetokana na pono. Nchi nzima ya Waislamu wenzetu imesimama juu ya visiwa vya mchanga wa namna hiyo, misikiti yao na makaburi ya wazee wao vikiwemo. Anayeswali juu ya ardhi ile ameweka paji la uso juu ya mchanga ambao, kwa sehemu kubwa, umepita katika matumbo ya samaki.

Uyoga huacha udongo. Gogo lililolainishwa hunyonya maji ya mvua na kuyatunza wakati wa kiangazi. Wadudu huingia, ndege huwafuata wadudu, na miche hushika mizizi. Virutubisho ambavyo mti ulivikusanya kwa miaka mingi hurejea ardhini. Lau kama hapangekuwapo na wa kuivunja lignini, msitu ungejaa mizoga ya miti, na chakula cha miti ijayo kingebaki kimefungiwa humo.

Qur'ani Tukufu inatukumbusha mara nyingi kuwa Allah hukitoa kilicho hai katika kilicho maiti. Msomaji aliyezipita aya hizo kwa miaka mingi atazipata kwa ladha mpya akisimama mbele ya gogo bovu lililochipuka uyoga, au mbele ya mwamba mfu uliokwanguliwa ukaota tumbawe changa.

Mizani inapopinda

Hata hivyo hatutaki kumwacha msomaji na picha ya upande mmoja. Kazi ya viumbe hawa ni rehema ikiwa katika kipimo chake, na kipimo kikivurugwa huwa jambo jingine.

Tutazame nyumba kongwe za mawe za pwani yetu, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilichomwa kutokana na matumbawe. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Nyumba ile imejengwa kwa vitu ambavyo pono na kuvu huviponda. Ukutani pono hafiki. Kuvu hufika, ila kwa sharti moja: apewe maji. Ubao mkavu hauliwi na kuvu. Unyevu ukibaki chini ya kiasi cha asilimia 20 ya uzito wa ubao, kuvu haiwezi kumea humo. Paa likivuja na likaachwa msimu baada ya msimu, ncha za boriti zilizozama ukutani hulowa, na kuvu za jamaa hii hufanya gorofani kazi ile ile zilizoifanya msituni. Nyumba za wakfu na za urithi huanguka kwa njia hii. Mara nyingi warithi wanazozana juu ya mafungu huku hakuna aliyepanda kuziba tundu. Dari likishuka tunalaumu ubovu wa mbao. Kuvu haikuvunja mlango. Ilifunguliwa na tone la maji lililodharauliwa.

Baharini nako mizani imepinda kwa njia mbili. Mwaka 1998 joto la maji lilipanda, na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, kuanzia pwani yetu hadi Maldives, yalipauka na kufa. Mwamba uliokufa haujijengi tena, ilhali usagaji unaendelea, na hapo hesabu ya mwamba huanza kuwa ya kupungua. Mtu aweza kusema basi pono avuliwe amalizike ili mwamba upone. Kinyume chake ndicho kilicho sahihi. Mwamba uliojeruhiwa unamhitaji zaidi msafishaji, kwa kuwa bila ya yeye mwani hutanda na tumbawe jipya halipati pa kuota. Kwa sababu hiyo nchi ya Belize, katika Bahari ya Karibi, ilipiga marufuku uvuvi wa pono na walaji wenzake wa mwani mwaka 2009. Kwetu, kisiwa cha Chumbe karibu na Unguja kina mwamba ambao haujavuliwa tangu ulipohifadhiwa mwaka 1994, na matumbawe na samaki wake ni ushahidi wa kile ambacho bahari hukifanya ikiachwa ipumue.

Pono ni samaki mwepesi kunaswa. Huingia katika madema, na usiku, akiwa amelala usingizi wake uliotiwa methali, mwenye taa na mkuki humwokota kama anayeokota nazi. Nyavu zenye matundu madogo huwachukua hata wale ambao hawajazaa. Samaki aliye hai mwambani anawahudumia na samaki wengine, na akitolewa akiwa mchanga, mvuvi amekula mtaji.

Sura ya Ar-Rum imetaja bara na bahari kwa pamoja pale inapozungumzia ufisadi uliodhihiri, na imeuhusisha ufisadi huo na yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Haikuuhusisha na samaki wala kuvu. Sura ya Ar-Rahman nayo imetaja mizani na kutuonya tusiidhulumu. Pono na uyoga hawajatoka katika mizani yao tangu walipoumbwa. Mwenye uwezo wa kuipindisha ni yule aliyepewa akili na kufanywa khalifa.

Mezani na nyumbani

Kwa upande wa fiqhi, viumbe hawa wana jambo jingine linalowaunganisha: wote huliwa bila ya kuchinjwa. Samaki ni halali hata akitolewa majini akiwa amekufa, kama ilivyothibiti katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) juu ya bahari na maiti yake. Uyoga hauna damu wala roho ya mnyama, na asili yake ni uhalali madamu haudhuru wala haulevyi.

Neno hilo la kudhuru ni zito. Uyoga wa porini umeziangamiza familia nzima kwa chungu kimoja. Zile hila za kutia kitunguu au sarafu ya fedha chunguni na kutazama kama itageuka rangi hazina msingi. Wala kule kuona wadudu wameula si dalili ya usalama kwa binadamu. Sumu ya baadhi ya aina haiondoki kwa kuchemshwa, na dalili zake huchelewa saa 6 hadi 24, wakati ini tayari limeshaanza kuumia. Asiyeujua uyoga kwa yakini asiulishe kwa watoto. Na anayehisi kuwa ameula ule mbaya asisubiri kutapika; aende hospitali mara moja, na abebe masalia yake.

Jambo jingine la kutahadhari ni hadithi sahihi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambayo Mtume (s.a.w.) aliitaja kam'a kuwa ni katika manna na kwamba maji yake ni tiba ya jicho. Kam'a huota chini ya ardhi ya jangwa la Arabuni. Tafsiri zetu huiita uyoga kwa kukosa neno jingine. Si mamama, wala si kila kinachoota gogoni. Asitokee mtu akakamua uyoga wa sokoni akamtia mwanawe machoni kwa nia ya kufuata Sunna. Jicho likiuma, aliye na elimu yake ni tabibu.

Kwa anayetaka kuupanda, uyoga wa mamama ni mwepesi. Huko Ujerumani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na upungufu wa chakula, mtaalamu Richard Falck alichapisha mwaka 1917 njia ya kuupanda katika visiki vya miti. Leo kina mama wetu hutumia majani makavu ya mpunga, mabua au vumbi la mbao. Majani hukatwakatwa, hulowekwa, huchemshwa au kufukizwa kwa mvuke ili kuua vijidudu, huachwa yapoe, kisha hupakiwa katika mifuko pamoja na mbegu iliyonunuliwa kwa wazalishaji wanaoaminika. Mifuko huwekwa gizani hadi nyuzi nyeupe zienee, ndipo hutobolewa na kupewa hewa na unyevu. Baada ya mavuno, mabaki hurudi bustanini kuwa mbolea. Kilichokuwa takataka za shamba kimetoa mboga, na masalia yake yatatoa mboga nyingine.

Yaliyobaki ni madogo, lakini yamo ndani ya uwezo wetu. Tukifika sokoni tuwaache pono wadogo wa kiganja, kwani mvuvi huleta kile ambacho mnunuzi hukikubali. Tusichome kila jani na kila gogo la shambani kwa kupenda usafi wa macho. Gogo kubwa lililokwisha kuoza halifai hata kuni, basi na liachwe limalize kazi yake. Hatuwalaumu kina mama wanaookota kuni kavu, maana hilo ni jepesi kuliko kuukata mti ulio hai. Na kabla ya masika tupande juu ya paa, la nyumba zetu na la msikiti wa mtaa, tuzibe panapovuja.

Mtoto akiuliza tena kwa nini Allah ameumba samaki anayekula mwamba na kuvu inayokula mti, tumchukue hadi ufukweni tumtie mchanga mkononi, kisha tumchukue hadi chini ya mti mkongwe tumtie udongo katika mkono wa pili. Tumwambie: hiki kimetoka kwa yule, na hiki kimetoka kwa huyu, na wewe umesimama juu ya vyote viwili. Kisha tumuulize, na tujiulize nasi, ni kitu gani tutakachokiacha chini ya miguu ya wanaokuja.

Wabillahi tawfiq.